Minandi wamejaa Mwanza na Kisumu, pwani ya bahari wako wapi?

#1 KayenzeMwaloni
Wakuu, salaam.

Nimekulia ziwani, Ilemela, na sasa kazi imenileta Tanga. Kule kwetu mnandi ni ndege wa kila siku. Ukisubiri kivuko pale Kamanga utamwona juu ya mawe, mweusi, kakunjua mabawa kama kanzu iliyoanikwa. Saanane wamo, Rubondo wamo kwa makundi, na yale mawe ya njiani kwenda Ukerewe yamegeuka meupe kwa vinyesi vyao.

Hapa Tanga ghuba ni tulivu, kisiwa cha Toten kipo katikati, mikoko ipo, samaki wapo. Shakwe nawaona, buabua nawaona, yangeyange ndiyo usiseme. Mnandi juu ya maji ya chumvi sijamwona. Wavuvi wa soko la samaki la Deep Sea niliowaelezea sura yake walidhani namsema kunguru. Mwenye sababu aiweke hapa: ndege anayeishi kwa samaki anaikimbiaje bahari?

#2 DogoSahare
Chumvi hiyo mkuu. Huyo ni wa maji baridi, kama sato. Mbona jibu rahisi.

#3 BahariaMstaafu
#2, hapana. Nimefanya kazi melini na Walvis Bay kule Namibia napajua. Bahari ile ni yao. Yapo majukwaa makubwa ya mbao yaliyojengwa juu ya maji tangu miaka ya 1930 ili ndege walale pale, kisha watu wakwangue kinyesi wauze mbolea. Wengi wao ni mnandi wa Rasi, mdogo kuliko wa Mwanza. Lakini hata huyu wa Mwanza, mkubwa mwenye kifua cheupe, yupo pwani ile ile, anavua kwenye chumvi na kutaga visiwani. Mauritania pia yupo, Banc d'Arguin, bahari tupu. Wana tezi kichwani zinazochuja chumvi ikadondoka mdomoni. Kwa hiyo chumvi tuiondoe.

#4 AkinyiDunga
Salamu kutoka Kisumu. Huku Dunga wamejaa pia, wanagombania mawe na korongo.

Mimi nasema ni chakula. Tazameni Ziwa Nakuru. Maji yale ni ya magadi, hayakuwa na samaki, wenyeji walikuwa heroe. Miaka ya 1950 na 1960 wakapandikiza tilapia mdogo wa magadi ili ale viluwiluwi vya mbu. Samaki aliposhamiri, mwari na mnandi wakaja wenyewe. Na tangu maji yapande yakazamisha migunga ya kando, miti imekufa ikiwa imesimama majini, nayo minandi wanajenga viota humo. Kwa hiyo mnandi hana kwao. Kwao ni pale penye samaki anaoweza kuwakamata bila kwenda mbali.

#5 MtoniKidatu
Dada #4, sasa wataka kusema Unguja hakuna samaki? Dagaa wa kwetu wanapakiwa magunia kwa magunia hadi Kongo. Mtu wa Lubumbashi anakula dagaa wa Zanzibar, halafu mnandi awakose?

Sababu ni kunguru. Waliletwa Unguja mwisho wa karne ya 19 kwa ajili ya kusafisha taka, leo wanakula mayai ya kila ndege na makinda juu. Ndege gani mwenye akili atatagia karibu na kunguru?

#6 KizimkaziDimbani
Shehe #5, hoja yako itakwama Fungu Kizimkazi. Wale wa Bara wasiopajua, ni kisiwa kidogo cha mwamba na mchanga, mbali kusini-mashariki ya Unguja, bahari kuu. Hakuna mti, hakuna mtu, hakuna kunguru. Ndege wamejaa: wale wakubwa weupe wenye uso mweusi wanaotagia chini, buabua wa aina kadhaa, na wale wa rangi ya kahawia wenye kipaji cheupe. Babu zetu walikuwa wakienda kuokota mayai. Mnandi hakutajwa hata katika hadithi. Kama kunguru ndiye aliyemfukuza, kwa nini pale pasipo kunguru hayupo?

#7 MtoniKidatu
Fungu Kizimkazi ni bahari kuu bwana, mimi nazungumzia visiwa vya karibu. Chumbe, Changuu, Bawe. Huko kunguru anafika akipenda.

#8 UteteRufiji
Nyinyi mnabishana wakati ndege yupo. Njooni Rufiji. Kwenye mabwawa ya Utete na kuteremka delta mpaka karibu na mlango wa bahari namwona. Anaogelea mwili wote ukiwa ndani ya maji, imebaki shingo tu kama nyoka.

#9 AkinyiDunga
Shingo tu kama nyoka? Huyo uliyemwona ni mbizi. Tazama mdomo: wa mbizi umenyooka, umechongoka, anamchoma samaki. Wa mnandi una ndoana kwenye ncha, anambana. Na mbizi ana shingo nyembamba yenye kupinda katikati.

#10 UteteRufiji
Mbizi namjua tangu utotoni, naye yupo. Wote wawili wapo! Mnandi mdogo mwenye mkia mrefu na macho mekundu anakaa kwenye nyavu za watu akiangalia kilichonasa. Njoo nikupitishe kwa mtumbwi, utaona mwenyewe.

#11 MwalimuJiografia
Nimeisoma hii toka juu. #3 ametaja Namibia na Mauritania kwa kupita tu, lakini jibu naliona humo.

Pwani hizo mbili zina kitu kimoja: upepo unasukuma maji ya juu kwenda mbali na nchi kavu, na maji baridi ya kina yanapanda kuchukua nafasi. Yale ya kina yana rutuba. Rutuba ikikutana na jua, vimea vidogo vya kijani vinaota kwa wingi, dagaa na sadini wanafuata kwa makundi makubwa, na ndege nyuma yao. Peru ni vivyo hivyo, mnandi wa kule ndiye aliyetengeneza milima ya kinyesi iliyouzwa Ulaya kama mbolea. Namibia nayo ilikuwa na kisiwa cha Ichaboe. Mwaka 1844 mamia ya meli zilisongamana pale kuchimba kinyesi cha ndege, na muda si mrefu kikawa kimekwisha.

Sasa pwani yetu. Mkondo unatembea kutoka kusini kwenda kaskazini ukiambaa na nchi. Kusi likivuma, linasukuma maji ya juu *kuja* pwani, hivyo ya chini hayapati nafasi ya kupanda. Ndiyo maana bahari ya Tanga na Pemba ni ya bluu safi inayopendeza kupigwa picha. Maji safi namna hiyo ni maji maskini. Matumbawe yanayapenda, kwa sababu yanajua kuishi kwa kidogo. Mnandi anahitaji karibu nusu kilo ya samaki kila siku, karibu na anapolala.

Kusi hilo hilo likifika Somalia na Omani linafanya kinyume, linavuta maji kutoka pwani. Na Omani minandi wapo, tena wengi.

#12 DogoSahare
Mwalimu umetisha. Mods fungeni uzi.

#13 SuurMuscat
Assalaam alaykum. Msiufunge bado.

Mimi niko Muscat, ndugu wengi tuko huku na Kiswahili chetu. Mwalimu kasema kweli kuhusu Omani, hasa kule kusini, mkoa wa Dhofar. Msimu wa khareef, Juni mpaka Septemba, bahari ya Salalah inakuwa baridi na ukungu unatanda milimani. Sadini ni wengi mno, wanaanikwa ufukweni wakawe chakula cha ngamia na ng'ombe.

Lakini mnandi wetu, yule mweusi wote anayeitwa wa Sokotra, makoloni yake makubwa hayapo Dhofar. Yapo ndani ya Ghuba. Visiwa vya Hawar kule Bahrain, na kisiwa cha Siniya pale Umm al-Quwain, nyumba ya jirani zetu. Wanataga chini kwenye mchanga na changarawe, makumi ya maelfu pamoja. Ghuba haina hayo maji baridi ya kupanda. Kiangazi maji yake yanapita nyuzi 32, ukiogelea unatoka jasho. Sasa Mwalimu, rutuba yao inatoka wapi?

#14 MwalimuJiografia
Alaykumu ssalaam. Swali zuri. Ghuba ni kina kifupi, wastani wake ni kama mita 35 tu. Maji mafupi yanachanganywa na upepo mpaka chini, rutuba haipotei kwenye vilindi. Tena samaki hana pa kujificha. Mnandi kwa kawaida anazamia mita chache. Mlango wa Pemba unashuka mamia ya mita, samaki akienda chini amekwenda.

#15 ChibululeniMafia
Hapo sasa ndipo mnaponigusa. Mlango wa Mafia ni mfupi. Mto Rufiji unamwaga tope lake hapa, kamba na samaki wa kila namna wamo, maji si ya bluu hata kidogo. Visiwa vimezagaa: Chole, Juani, Jibondo. Ghuba ya Chole imekingwa na upepo pande zote. Kwa maneno ya Mwalimu hapa pangekuwa Hawar ya Tanzania. Mimi ni mtu wa kupiga mbizi na watalii, macho yangu yako majini kila siku. Mnandi juu ya Ghuba ya Chole simwoni. Furukombe ninamwona, korongo ninamwona, hata wale vitwitwi wanaotoka Ulaya wakati wa kaskazi wanajaza fungu lote.

#16 BahariaMstaafu
#15 kasema la maana. Nami naongeza: ni bamvua. Maji yetu yanapanda na kushuka karibu mita nne. Ndege akivua asubuhi mahali fulani, mchana pamekuwa mchanga mtupu. Ziwani maji hayaendi popote.

#17 MtoniKidatu
Baharia, wewe mwenyewe ndiye uliyepita Ulaya. Uingereza na Ufaransa kuna bahari zinazopanda zaidi ya mita kumi na minandi wapo tele. Hiyo umeileta usingizini.

#18 BahariaMstaafu
Wapo, ila wana maziwa na mito ya kukimbilia maji yakitoka. Tulia kijana.

#19 KilwaMasoko_1
Mnazunguka. Miaka mingi watu wamevua kwa mabomu kuanzia Mtwara mpaka Tanga. Baruti ikilipuka inaua samaki na kila kilichozama karibu nao. Ndege anayezamia atapona vipi? Buabua anachota juu na kuondoka. Mnandi yuko chini wakati wa mlipuko. Kwangu hilo linatosha, na linaniuma, kwa sababu mwamba uliopigwa baruti nimeuona kwa macho yangu, umekuwa kifusi.

#20 KizimkaziDimbani
Pole sana ndugu wa Kilwa, hilo la baruti linatuuma wote. Ila baruti ni ya juzi. Wazee waliozaliwa kabla yake waulizwe kama walimwona mnandi baharini. Wangu walishafariki, lakini walimjua kila ndege wa bahari, na huyu hawakumtaja.

#21 KizimbaSengerema
Mimi nafuga sato kwenye vizimba hapa Ghuba ya Mwanza. Mnaomtafuta mnandi baharini njooni mchukue wangu bure. Anakaa juu ya bomba la kizimba toka alfajiri. Mmoja anakula kilo mbili kwa siku, nyavu ya juu ikilegea kidogo tu anaingia. Nani atanilipa?

#22 AkinyiDunga
Pole kwa hasara, ila kilo mbili haiwezekani. Ndege mwenyewe hafiki uzito wa kilo nne, wengi ni mbili au tatu. Nusu kilo ndiyo mlo wake. Wengine unaowapoteza ni samaki wanaojeruhiwa tu wakafa baadaye, na hao unawahesabu kwake. Huku kwetu wenye vizimba wanafunika wavu wenye matundu madogo, unavutwa mpaka umekaza. Ukilegea hata yeye ananasa akafa, na hasara inakuwa ya wote wawili.

#23 KizimbaSengerema
Asante dada. Wavu ninao, nitaukaza. Kilo mbili naendelea kuzidai.

#24 NyakatoKwetu
Nikiwa nje ya mada kidogo: kwa nini anakaa mabawa wazi? Bibi yangu alituambia anaomba mvua.

#25 MwalimuJiografia
Anakausha. Manyoya yake ya nje yananywa maji, tofauti na bata ambaye maji yanateleza. Kulowa kunampunguzia kuelea, ndiyo anazamia kwa urahisi. Akitoka ni mzito, lazima akauke.

#26 SuurMuscat
Wapo wanaosema ni kupasha mwili joto ili samaki aliyemezwa baridi ayeyuke upesi tumboni. Na visiwa vya Galápagos kuna mnandi asiyeruka kabisa, mabawa yake ni vipande tu, naye bado anayatandaza baada ya kuzamia. Huyo anayakausha aende nayo wapi?

#27 MwalimuJiografia
Tabia aliyorithi. Hata asiporuka, manyoya yaliyolowa yanampa baridi, na maji ya kule ni baridi kweli.

#28 NyakatoKwetu
Basi bibi na mvua yake bado yumo kwenye mjadala.

#29 UteteRufiji
Nyama yake mnaila? Huku wapo wanaoila, wanasema lazima uchune ngozi yote, vinginevyo sufuria inanuka samaki aliyelala.

#30 MtoniKidatu
Astaghfirullah, uzi umefika jikoni. Turudini baharini.

#31 KayenzeMwaloni
Nashukuru wote, nasoma kila neno. Nina swali kwa Mwalimu na #5. Dagaa wa ziwani nao mchana wanashuka chini, usiku ndiyo wanapanda kwenye mwanga, ndiyo maana tunavua na taa gizani. Dagaa wa Unguja wanavuliwa vivyo hivyo, kwa taa. Mnandi anavua mchana. Kwa hiyo dagaa wawe wengi au wachache, si lazima wawe chakula chake. Kule kwetu mimi nadhani aliyemlea mnandi ni furu, wale wadogo wa kwenye mawe na kingo, ambao mchana wako pale pale kwenye maji mafupi. Sangara alipowamaliza furu wengi miaka ya 1980, mdiria alihamia kula dagaa, hilo watafiti wa Ghuba ya Mwanza waliliandika. Sasa baharini, nani ndiye furu wa mnandi?

#32 ChibululeniMafia
Samaki wadogo wa kwenye mwamba wapo chungu nzima, #31. Lakini wanaishi ndani ya matumbawe. Ukiwafukuza, kila mmoja ana tundu lake, anapotea mbele ya macho. Nikivaa miwani ya kuzamia nawaona mia, nikinyoosha mkono sipati hata mmoja. Mnandi hukimbiza samaki kwa miguu yake yenye utando, anahitaji nafasi ya kufukuza. Hii hoja yako inanivutia kuliko ya rutuba.

#33 MwalimuJiografia
Lakini matumbawe hayapo kila mahali. Kwenye majani ya bahari na mikokoni maji ni wazi, samaki wadogo wanaogelea nje, na bado mnandi hayupo. Naendelea kusema ni wingi. Yangeyange mmoja anaweza kuishi kwa samaki wachache waliotawanyika. Mnandi anaishi kwa kundi, na kundi linataka chakula cha kundi, mahali pale pale, miezi yote ya kulea makinda. Fungu Kizimkazi wale ndege weupe wanaruka mbali sana kutafuta chakula na kurudi. Mnandi mbawa zake fupi, mwili mzito, hawezi maisha hayo.

#34 SuurMuscat
Wa Sokotra anaruka kundi zima juu ya bahari, msururu mweusi usiokwisha, kilometa nyingi kutoka kisiwani mpaka kwenye sadini. Usimdharau. Kinachomwangusha ni watu. Mafuta yaliyomwagika vita vya 1991 yaliua ndege wa bahari wengi sana, na visiwa alivyotagia vinajengwa mahoteli. Naye akiona mtu karibu na kiota anainuka, shakwe wanabeba mayai. Huenda visiwa vyenu vina watu tangu kale, ndiyo maana hakukaa. Ukitazama Ichaboe, hakukuwa na maji ya kunywa, watu hawakuhamia. Chole ina visima na minazi.

#35 KizimkaziDimbani
Hiyo ya watu nimeipenda, ila Rubondo na Saanane wapo na Mwanza ni jiji. Mnandi wa #1 analala jirani na kivuko!

#36 KayenzeMwaloni
Kivuko hakimsumbui kweli. Ila analala pale, kutaga anakwenda kwenye vile visiwa vidogo vya mawe na miti ambako hakuna mtu. Miti yenyewe inakauka kwa kinyesi ndani ya miaka michache, halafu wanahamia mingine.

#37 MwatikoKilifi
Hamjambo. Mimi nina mabwawa ya mwatiko kando ya mkoko, Kilifi. Maji yanaingia na bamvua, chumvi kamili. Tangu samaki waanze kukua anakuja mnandi mdogo, mkia mrefu, macho mekundu, sawa kabisa na alivyomweleza wa Rufiji. Mwanzoni alikuja mmoja, sasa wanakuja kikundi. Mita chache nje ya ukuta wa bwawa kuna mto wa bahari wenye samaki, hawaugusi. Wanataka bwawani tu.

#38 AkinyiDunga
Mnaona! Ni kama Nakuru. Samaki wakusanyike, maji mafupi, basi amefika.

#39 ChibululeniMafia
Au mnaona, ni kama nilivyosema mimi: bwawani hakuna tundu la kujificha.

#40 MtoniKidatu
Au ni kwa sababu #37 anafukuza kunguru bwawani kwake. Unafukuza au hufukuzi?

#41 MwatikoKilifi
Nafukuza, nina kijana na manati. Lakini manati haichagui, na mnandi bado anarudi.

#42 BahariaMstaafu
Bwawa halina kupwa wala kujaa. Sisemi zaidi.

#43 KilwaMasoko_1
Wala halina baruti.

#44 MwalimuJiografia
#37, tafadhali angalia jambo moja kwa ajili yetu. Ukivua mwatiko wote na bwawa likabaki na vidagaa vya kuingia na maji tu, je wanaondoka siku hiyo hiyo au wanabaki? Na je, wanakwenda kulala wapi jioni, juu mtoni kwenye maji baridi au mikokoni hapo hapo? Wa Tanga na Mafia nao watazame mabwawa ya chumvi na ya samaki yaliyo karibu, si bahari wazi.

#45 MwatikoKilifi
Navua kabla ya mvua za masika. Pa kulala naweza kuwatazama hata kesho. Jioni wanaruka kuelekea bara, mpaka wapi sijui, kuna bwawa la maji ya mvua upande ule.

#46 DogoSahare
Wanaenda kunywa maji baridi! Nilisema chumvi, mkanicheka.

#47 AkinyiDunga
Hakuna aliyekucheka. Ila wa Namibia wanakunywa wapi, kwenye jangwa la Namib?